Siagi yangu ya karanga inabanwa na bidhaa za majirani. Niache kusaga niwe wakala?

MamaKaranga_Igoma: Wakuu, habari za jioni. Nasaga siagi ya karanga hapa Igoma, Mwanza, karanga nazitoa Shinyanga. Nina mashine moja na vijana wawili. Maduka ya Buzuruga na Nyakato yalikuwa yananitegemea. Sasa nikipeleka mzigo, mwenye duka ananionyesha kopo la Kenya, lebo inang'aa, na bei ya jumla iko chini ya yangu kwa karibu shilingi elfu moja. La Uganda nalo limeanza kuonekana. Nikiuliza naambiwa ndiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki hiyo, vinaingia bila ushuru. Kuna jamaa ananishawishi niuze mashine niwe wakala wa hao hao. Naombeni ushauri, matusi wekeni akiba.

Ngosha_Halisi: Uza. Mwenye kiwanda kikubwa humuwezi. Wakala analala usingizi wake.

Kijana_wa_Sirari: Ngosha, analala mpaka siku kiwanda kitakapompata wakala mwenye mtaji zaidi. Dada, tulia. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulianza 2005, na bidhaa za Kenya zilipunguziwa ushuru wa kuingia kwetu kidogo kidogo hadi ukaisha 2010. Kwa hiyo hilo kopo halijashushwa bei na kitu cha jana. Halafu bila ushuru si bila kodi, VAT ya asilimia 18 iko pale pale mpakani. Wanakuzidi kwa wingi wa uzalishaji na kwa vifungashio. Kopo tupu unalitoa wapi?

MamaKaranga_Igoma: Kwa mtu wa kati hapa mjini. Kusema kweli kopo ndilo linalonimaliza.

Kijana_wa_Sirari: Nilijua tu. Basi pitia mlango ule ule wanaopitia wao. Kopo tupu lililotengenezwa Kenya, likiwa na cheti cha uasili, yaani cha kuonyesha limetengenezwa wapi, halilipiwi ushuru wa forodha. Mzigo usiozidi dola 2,000, kama bidhaa imo kwenye orodha waliyokubaliana, unapewa cheti kilichorahisishwa hapo hapo mpakani. Kama haimo, muuzaji wako akuandalie cheti cha kawaida. Waulize forodha wenyewe, achana na wale vijana wanaokudaka nje ya geti. Na tafuta wasagaji wenzako mchangie mzigo mmoja.

Nyakato_Tena: Mbona hakuna aliyeuliza kuhusu alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango? Dada, kama huna alama nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa Nyakato ukapate barua ya utambulisho, wajasiriamali wadogo wanahudumiwa vizuri. Alama ile inatambulika nchi nyingine za Jumuiya. Ila karanga zako zichambue hasa! Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakabaki yamepanga foleni, na Jumuiya ipo. Karanga hupata kuvu upesi. Usinunue zilizolowa eti kwa sababu ni bei chee.

Dagaa_Mwaloni: Wote mmeangalia Kenya. Mimi nipo soko la Mwaloni Kirumba, wateja wangu wazuri ni Wakongo, na walikuwa wakija kabla nchi yao haijajiunga 2022. Wao hawana habari na lebo, wanataka ujazo. Wafungie kwenye ndoo, siyo kopo, na hilo tatizo lako la vifungashio linapungua. Sharti moja: pesa kwanza, kupakia baadaye. Ukimkopesha mtu anayevuka mpaka wa Rusumo, utamsubiri sana.

Ngosha_Halisi: Hapo kwenye ndoo nimekubali. Uwakala bado nausimamia.

MamaKaranga_Igoma: Asanteni sana. Dagaa_Mwaloni, ndoo mafuta yakipanda juu si yatavuja njiani?

Dagaa_Mwaloni: Weka nailoni nzito ndani, ifunge, ndipo ufunike. Njoo na kilo mbili za kuonjesha, uje asubuhi kabla hawajaanza kupakia.