Naomba ushauri: mikebe ya plastiki imenichosha, nataka kuhamia chupa za kioo

Mama Tumaini
Habari zenu wapendwa. Kabati langu la jikoni limejaa mikebe ya aiskrimu na ya margarini, na nusu yake haina vifuniko. Ile ya mchuzi imeshika rangi ya manjano haitoki, na hata ukiiosha kwa maji moto, ukitia maziwa yananuka vitunguu. Nataka kuhamia chupa za kioo zenye mdomo mpana. Tatizo, tuko mtaa wa Umoja, Nairobi, nyumba ya chumba kimoja cha kulala, watoto watatu, na kitinda mimba ana miaka mitatu, mikono haitulii. Baba yao anasema ni gharama ya bure, tutaishia kuzoa vigae. Kila Jumapili huchemsha maharagwe na mahindi ya githeri ya wiki nzima, nikagawa na kutia friza. Je, kioo na friza vinapatana? Na nianzie wapi bila kugusa pesa ya kodi?

Jirani wa Buru
Usinunue chochote kwanza. Chupa za jemu, asali, kahawa na siagi ya karanga unazotupa ndizo hizo hizo. Loweka usiku kucha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, lebo itabanduka yenyewe. Gundi ikikaidi, changanya mafuta ya kupikia na bekingi soda, paka, subiri kidogo, kisha sugua. Harufu haikai kwenye kioo, inakaa kwenye kile kimpira cha ndani ya kifuniko. Kianike juani siku mbili. Kikiendelea kunuka achari, kifanye cha chupa ya misumari.

Fundi Friji
Mama Tumaini, vinapatana, ila kwa masharti. Maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9, na maharagwe yako yana supu. Chupa yenye mabega, yaani inayobana kuelekea shingoni, hupasuka hapo hapo penye bega. Tafuta iliyonyooka kutoka chini hadi mdomoni. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Chakula kipoe, kikae friji mpaka kiwe baridi kabisa, ndipo kiende friza, na kifuniko ukilegeze hadi kigande. Siku ya kupika, itoe usiku uiache chini kwenye friji. Ukiikimbiza kwenye maji moto asubuhi kwa sababu umechelewa, utaokota vigae kwenye githeri. Chupa ya jemu pia usiiweke juu ya meko wala kwenye maikrowevu. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Baba Wawili
Mimi namuunga mkono Baba Tumaini. Kioo na mtoto wa miaka mitatu? Nyumbani tunatumia plastiki, chakula kinaingia kikiwa baridi, na hatujaona shida. Tukitupa mikebe mizima ili tuonekane tunajali mazingira, inaenda wapi kama si jalalani Dandora?

Mama Kibanda
Baba Wawili, hapo kwenye kutupa umesema kweli. Mikebe ibaki, itie vibanio vya nguo, mbegu, vifungo. Lakini ule mkebe wa aiskrimu ulitengenezewa kitu baridi. Ukimimina mchuzi wa moto wenye mafuta, plastiki inalainika na inanyonya rangi na harufu, na baadhi ya kemikali zake huhamia kwenye chakula kwa urahisi zaidi kukiwa na joto na mafuta. Kwa hiyo Mama Tumaini usibadilishe vyote. Mchuzi, maziwa na maharagwe viende kwenye kioo, rafu ya juu. Unga na mchele viache kwenye ndoo yake. Chakula cha shule, nunua mkebe wa chuma cha pua, mtoto hapewi kioo kwenye begi.

Na jambo moja nawasihi: kifuniko kubana sana hakufanyi maharagwe yaliyopikwa yakae nje ya friji. Kuna bakteria wanaopenda pasipo hewa, na sumu yao huwezi kuionja wala kuinusa. Stima ikipotea siku nzima, usiseme "chupa ilikuwa imefungwa."

Mama Tumaini
Asanteni sana. Nimepekua nyumbani nikapata chupa chache, lakini zote zina mabega. Zilizonyooka nitazipata wapi kwa bei ya mtu wa kawaida?

Jirani wa Buru
Kamukunji, kwa wauzaji wa vyombo wa jumla. Mkichanga na majirani mkachukua katoni nzima, bei inashuka. Kabla ya kulipa pitisha kidole polepole mdomoni mwa kila chupa, ukihisi pamemeguka, rudisha. Omba maji, jaza moja, funga, igeuze chini juu: ikidondosha, hicho kifuniko hakifai. Na nenda asubuhi katikati ya wiki. Jumamosi hapapitiki, na katoni ya kioo haitaki kusukumwa.

Baba Wawili
Ukienda niambie. Mke wangu amesoma huu uzi.