Mrejesho: baiskeli ya ofa nimeichukua

Habari zenu wapendwa. Niliuliza kama ninunue baiskeli mpya ya barabarani kwenye ofa ya duka au nitafute mtumba, bajeti ikiwa shilingi 45,000. Nimechukua mpya kwa 41,500: fremu ya alumini, gia 14, tairi za milimita 28.

Aliyenisihi niijaribu kwanza, asante sana! Ile niliyoipendea rangi ilikuwa kubwa. Nikiipanda na kusimama wima, bomba la juu linanigusa msamba. Nikashuka saizi moja. Breki ya nyuma ilikuwa inakwaruza rimu, fundi akaulegeza waya palepale.

Jumapili alfajiri nimetoka nayo Lang'ata hadi Kikuyu kupitia Southern Bypass. Vilima vimenitoa jasho, lakini magoti hayaumi kabisa. Taa na kofia hazikuwa kwenye ofa, nimenunua kando.