Wakuu, padi gani ya gemu, ya waya na ya bei ndogo, inafaa kwenye kompyuta?

dreva_wa_usiku

Habari zenu wakuu. Nina laptopu ya kawaida ya Windows 10, yenye milango miwili tu ya USB. Nacheza mpira na mbio za magari, mara nyingi na mdogo wangu.

Padi niliyonayo ni ile isiyo na jina, umbo la PlayStation 2, vitufe vimeandikwa 1, 2, 3, 4, na katikati kuna kitufe cha "Analog" chenye taa nyekundu. Gemu ya mpira inaikubali baada ya kuhangaika kupanga vitufe. Ya magari haiioni. Kuna nyingine ya magari inaiona, lakini gari ama linakwenda mafuta yote au limezima, hakuna katikati. Na sasa stiki ya kushoto inajisogeza yenyewe. Mchezaji anatembea peke yake hata nikiweka padi chini.

Nataka padi mbili za waya. Zisizo na waya sitaki, habari za kuchaji betri siziwezi. Bajeti ni ya chini, ila sitaki takataka tena. Muuzaji kaniambia zote ni zilezile, tofauti ni taa tu. Ni kweli?

kijana_wa_kona

Chukua yoyote yenye umbo la Xbox, utalala usingizi.

fundi_bisibisi

Hapana, kijana. Umbo si kitu. Nafungua padi kila wiki, na nimeshakuta mwili wa Xbox ndani yake kuna ubao uleule wa hiyo padi ya dreva. Muuzaji naye anauza taa, tumsamehe.

Dreva, anza na swali moja: padi ikichomekwa, inajitambulishaje kwa kompyuta? Windows ina njia mbili. Ya zamani inaitwa DirectInput: padi inasema "nina vitufe 12 na mihimili kadhaa" (mistari ya kupimia stiki), basi, gemu itajua yenyewe kipi ni kipi. Ndiyo maana ukahangaika kupanga vitufe. Ya pili ni XInput, iliyokuja na Xbox 360 mwaka 2005. Hapo kila kitufe kina nafasi yake inayojulikana, na gemu nyingi zilizotengenezwa baada ya hapo zinatarajia hiyo tu. Gemu yako ya magari haiioni padi kwa sababu inatafuta XInput, na padi yako inazungumza lugha nyingine. Kwa hiyo kwenye boksi tafuta neno "XInput". Likikosekana, na muuzaji hawezi kukuonyesha padi ikifanya kazi, iache.

Suala la mafuta ni jingine kabisa na halitibiki kwa programu. Triga za padi yako (hizo L2 na R2) ni vitufe vya kawaida: imebonyezwa au haijabonyezwa. Triga halisi ya analogi inatoa namba kuanzia 0 hadi 255 kadiri unavyoiminya. Kwa mtu wa magari, padi isiyo na triga za analogi usiipokee hata ya bure. Namna ya kuzijua dukani: minya taratibu. Ya analogi inazama kwa urefu na ina springi laini. Ya kitufe inalia "tik" mapema na kugota. Zipo zinazozama vizuri huku ndani ni kitufe tu, kwa hiyo kidole hakitoshi, ichomeke.

Ukishaichomeka, bonyeza Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha fungua sifa za padi hiyo. Zungusha stiki, ziachie ghafla, tazama kama alama inarudi katikati ileile kila mara. Angalizo moja, maana watu wanarudisha padi nzima kwa sababu hii: ukiwa na padi ya XInput, dirisha hilo huonyesha triga zote mbili kwenye mhimili mmoja. Ukiminya zote kwa pamoja mstari unarudi katikati kama vile hakuna kitu. Si mbovu. Ni DirectInput inavyoiona. Kuona kila triga peke yake, tumia jaribio la padi lililomo ndani ya Steam, ile programu ya kununulia na kuchezea gemu.

Majina? Logitech F310 ni ya zamani lakini bado naiheshimu. Chini yake ina swichi yenye herufi X na D. Iache kwenye X. Haitetemeki mkononi, haina mota kabisa, kwa hiyo kama unapenda kusikia tairi zikikwaruza hii itakuboa. Na taa ya "Mode" ikiwaka, msalaba (kile kitufe cha pande nne) na stiki ya kushoto vimebadilishana kazi. Ukiwa na kidogo cha kuongeza, tazama GameSir G7 SE au 8BitDo Ultimate 2C ya waya. Hizo zina stiki za Hall.

dreva_wa_usiku

Asante sana mkuu, nimeelewa kwa nini nimeteseka. Hizo stiki za Hall ni nini, au ndiyo taa zenyewe kwa jina la kisomi?

fundi_bisibisi

Hahaha, hapana, hizo zina maana.

Stiki ya kawaida ndani ina potenshiometa mbili, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini. Kila moja ina kijisahani chenye utepe wa kaboni, na kidole cha chuma kinachosugua juu yake kila unapogeuza. Kaboni inalika, vumbi lake linabaki humohumo, na siku moja kipimo cha "katikati" hakipo tena katikati. Hapo ndipo mchezaji wako anaanza kutembea peke yake. Stiki ya Hall ina sumaku na kihisi visivyogusana, kwa hiyo hakuna cha kusuguana kwenye kipimo. Springi na plastiki zinachoka kama kawaida, na mpira wa juu utabanduka vilevile, lakini ule ugonjwa wa kujisogeza unapungua sana.

Soma boksi vizuri lakini. Kuna zinazoandika "Hall" kwa herufi kubwa, kumbe ni triga tu, stiki ni zilezile za kaboni. Triga haziharibiki kwa kasi ya stiki, hivyo wamekupa dawa mahali pasipouma.

Lingine ambalo watu hawaliulizi: waya. Kwenye padi za waya zinazoletwa kwangu, kinachokufa kwanza mara nyingi ni waya pale unapoingilia mwilini. Padi yenye waya unaochomoka (USB-C) ukikatika unanunua waya mwingine, maisha yanaendelea. Hakikisha tu waya huo unapitisha data. Baadhi ya nyaya za chaja za simu hupitisha umeme peke yake, taa itawaka na kompyuta isione kitu.

msalaba_juu

Fundi umesema kweli, ila ninyi watu wa magari mnausahau msalaba. Mimi ni dada wa gemu za ngumi na zile za zamani za pande mbili, stiki naigusa kwa nadra. Kwangu padi inahukumiwa na msalaba. Weka kidole gumba juu yake, bonyeza kulia tu mfululizo ukiwa kwenye lile dirisha la joy.cpl. Ikikutolea "juu-kulia" bila wewe kutaka, achana nayo, utakuwa unaruka kila ukitaka kutembea. Padi ya Xbox 360 yenyewe, na sifa zake zote, msalaba wake ulilalamikiwa dunia nzima.

Halafu hizo "1000 Hz" (padi kusomwa mara 1000 kwa sekunde) zinazoandikwa siku hizi zisiwatoe pesa. Padi inayosomwa mara 125 kwa sekunde inaleta habari kila milisekunde 8. Picha moja kwenye gemu ya fremu 60 kwa sekunde inakaa takriban milisekunde 16.7. Mimi napenda 1000, sikatai, lakini mtu mwenye bajeti ya chini aweke pesa kwenye msalaba na stiki kwanza.

kijana_wa_kona

Nimenyamaza wakuu, najifunza 😅

dreva_wa_usiku

Dada asante. Swali la mwisho fundi. Nikinunua moja nzuri sasa hivi, hii ya zamani inaweza kumfaa mdogo wangu kwa mpira tu? Na milango miwili ya USB itatosha, maana kuna kipanya?

fundi_bisibisi

Inafaa. Fungua Steam, kwenye mipangilio ya padi washa Steam Input kwa padi za kawaida, pangilia vitufe mara moja. Steam itaitafsiri kwa gemu kama padi ya Xbox. Gemu isiyotoka Steam unaweza kuiongeza humo na kuifungulia hapohapo. Triga zitabaki za kitufe, hilo halibadiliki, lakini kwenye mpira hatalalamika.

Stiki inayojisogeza, ongeza dedizoni, yaani kile kieneo cha katikati ambacho gemu hupuuza. Microsoft wenyewe katika XInput wamependekeza 7849 kwa stiki ya kushoto, kati ya 32767, karibu robo ya safari nzima ya stiki. Wewe panda kidogokidogo hadi mchezaji atulie, usiende robo moja kwa moja kama hakuna haja, maana kona ndogondogo zitapotea. Ikifika mahali haitulii, ilete kwa fundi wa kwenu abadilishe stiki. Ni miguu kadhaa ya kulehemu tu na spea ni za bei ndogo.

Padi mpya ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, mlango wa pili uupe habu (kigawanyio cha USB) ibebe padi ya zamani na kipanya. Usiziweke padi zote mbili kwenye habu: mota zake zikitetemeka pamoja kwenye habu isiyo na umeme wake, utashangaa padi inapotea na kurudi katikati ya mechi.

msalaba_juu

Na mdogo wako akianza kukufunga, usije hapa kulaumu padi.