Msaada: NAS mtumba kwenye Proxmox, risiti inatoka kwa kusuasua

SpeaMwanza
Wakuu habari za mchana. Nina duka la spea za pikipiki hapa Mwanza, kompyuta sita kaunta na stoo. Seva ni moja, ina Proxmox (programu ya kuendesha kompyuta kadhaa za kuigiza, yaani mashine pepe, ndani ya seva moja) yenye mashine pepe tatu: Windows ya mfumo wa mauzo (databesi ni SQL Server), Linux ya mafaili ya ofisi, na ya tatu inarekodi kamera. Nilihamia Proxmox 2024, Broadcom, wenye VMware, walipoondoa ESXi ya bure (programu yao ya kazi hiyohiyo).

SSD ya ndani ya GB 480 ilijaa. Mfuko haukuruhusu makubwa, nikachukua NAS mtumba (kisanduku cha diski kinachokaa kwenye mtandao) ya diski nne za TB 4, nikaweka RAID 5 (diski zote zinafanya kazi kama moja, ikifa moja data inabaki), nikaiunga kwa NFS (njia ya kufungua mafaili kupitia mtandao) na kuhamishia mashine zote tatu huko. Tangu Jumatatu ukibonyeza kuuza, risiti inatoka baada ya sekunde nane, tisa. Mteja ameshaweka hela mezani, anatuangalia tu. Nikikopi faili kubwa napata MB 11 kwa sekunde, haizidi hata kidogo. Fundi aliyenifungia mtandao anasema ninunue NAS kubwa zaidi. Nimsikilize, au nihamie iSCSI (seva inaiona diski ya NAS kama yake ya ndani)? Ushauri kwanza, matusi baadaye.

Kahawa_Chungu
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa hapa na kashata zangu.

Mzee_wa_Swichi
Mkuu usinunue kitu. Hiyo MB 11 ndiyo jibu lenyewe. Laini ya gigabiti 1 kwa hesabu ni MB 125 kwa sekunde, kwa kazi halisi unapata kama 110. Wewe unapata sehemu ya kumi, kwa hiyo kuna mahali laini imeshuka hadi megabiti 100. Kwenye seva andika ethtool na jina la kadi ya mtandao, usome mstari wa Speed. Ukikuta 100, kagua waya kabla ya kuilaumu swichi. Gigabiti inataka nyaya zote nane ziguse, megabiti 100 inatosheka na nne. Kichwa kikibanwa vibaya mtandao unapatikana kama kawaida, ila mwendo wa mkokoteni.

Dada_Linux
Naongezea. Hata waya ukipona, databesi isikae hapo. Inaandika vipande vidogo vidogo, na kila kipande inasubiri NAS ithibitishe kwamba kimefika diskini. Diski ya kuzunguka inamudu maandishi ya namna hiyo mia moja hivi kwa sekunde. Halafu RAID 5 kwa kila andiko dogo inafanya kazi nne: inasoma data ya zamani, inasoma pariti (data ya ziada ya kufufulia diski ikifa), inaandika data mpya, inaandika pariti mpya. Rudisha Windows kwenye SSD ya ndani, mafaili na kamera zibaki NAS. iSCSI haikuokoi, diski ni zilezile.

Bwana_LUN
Dada usiibeze iSCSI, mimi inanilisha.

Dada_Linux
Sijaibeza kaka. Ila kwenye Proxmox kwa kawaida utaiwekea LVM (mfumo wa kugawa diski vipande) juu yake, na hapo ndipo mtu asiye na fundi wa kudumu anapopotea. NFS ikizingua, anafungua folda analiona faili lake la qcow2, ndiyo diski ya mashine pepe, kwa macho.

Bwana_LUN
Hapo kwenye "fundi wa kudumu" umenimaliza.

Mzee_wa_Swichi
Na kwenye mipangilio ya NFS ukikuta async usidanganyike na kasi yake. NAS itasema imeandika wakati data bado iko kwenye RAM. Umeme ukikatika hapo, databesi inaweza kuamka kilema. NAS na swichi ziwe kwenye UPS (betri ya akiba) pamoja na seva, wengi wanalinda seva peke yake.

SpeaMwanza
Mrejesho wakuu. Speed ilisoma 100 kweli! Nimekata kichwa cha waya upande wa seva, waya wa kahawia uliishia kama milimita mbili kabla ya pini. Nimebana kipya, sasa MB 109. Ila risiti bado ilikuwa inachukua sekunde tatu, nne, mpaka jana usiku nilipoirudisha Windows kwenye SSD. Leo asubuhi kaunta wanachapa risiti mteja bado anahesabu chenji. Fundi nimemtumia picha ya waya, ameiona, hajajibu.

Kahawa_Chungu
Kashata zimeisha.

Dada_Linux
Hongera. Bakapu ya databesi inakaa wapi?

SpeaMwanza
NAS hiyohiyo, kila usiku.

Dada_Linux
Basi mwizi mmoja anaondoka na vyote, na RAID yako ndani. Tafuta diski mbili za USB, moja iwe dukani na nyingine nyumbani, uzibadilishe kila wiki.

SpeaMwanza
TB 1 zitatosha?

Dada_Linux
Databesi ina GB ngapi?

SpeaMwanza
14.

Bwana_LUN
Zitatosha mpaka wajukuu wauze pikipiki.