Kufufua programu ya bao iliyoandikwa kwa Python 2: niweke viraka au niandike upya?

Kete_Namua aliuliza:

Salaam wakuu. Nilipokuwa chuoni niliandika, kwa kujifurahisha tu, programu ya kuchezea bao la Kiswahili kwenye kompyuta kwa kutumia Python 2.7 na maktaba ya pygame. Kanuni zote zimo: mashimo 32, kete 64, namua na mtaji (awamu mbili za mchezo), nyumba, kichwa na kimbi (mashimo yenye kanuni zake maalumu), na kompyuta yenyewe inaweza kuwa mchezaji wa pili. Wazee wa barazani kwetu wameomba kuiona, kwa hiyo nimeweka Python ya sasa pamoja na pygame toleo la 2, nikazitia `print` zote mabano, na programu ikafunguka.

Hata hivyo, mashimo hayakai katika mstari ulionyooka. Kila safu inateremka kuelekea kulia, shimo la kwanza likiwa mahali pake na la nane likiwa limeshuka karibu kufikia usawa wa safu inayofuata, wala hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Tena mchezaji akiandika namba ya shimo kwenye dirisha la maandishi, programu humjibu kwamba shimo hilo halipo, hata kama namba ni sahihi. Michezo niliyoihifadhi zamani kwa `pickle`, njia ya Python ya kuweka data kwenye faili, nayo inakataa kufunguka. Je, niendelee kuweka viraka au ni heri niandike yote upya?

Fundi_Mikwaju alijibu:

Mkuu, matatizo yote matatu yanatokana na kuhama kutoka Python 2 kwenda 3, na hilo la kwanza ndilo la kuogopwa zaidi kwa sababu halipigi kelele. Katika Python 2, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili ilitoa namba kamili, kwa hiyo 7/8 ilikuwa 0. Katika Python 3 jibu ni 0.875. Nadhani unapata safu ya shimo kwa kugawanya namba yake kwa 8, kisha unazidisha kwa nafasi iliyopo kati ya safu na safu. Tuseme nafasi hiyo ni pikseli 80: shimo la nane, ambalo kwa hesabu ya kuanzia sifuri ni namba 7, sasa linachorwa pikseli 70 chini ya mahali pake. Pygame ya toleo la 2 hukubali desimali katika kitovu cha duara, ndiyo maana ilichora ilichoambiwa bila kulalamika.

Dawa yake ni kutumia mikwaju miwili, `//`, badala ya mmoja. Usibadilishe yote kwa mkupuo, bali pitia kila mkwaju uliomo kwenye msimbo na ujiulize ulikusudia nini. Angalia hasa fanksheni inayoipimia kompyuta uzuri wa hali ya bao, kwani nusu moja ikiongezeka hapo programu haitaanguka. Itaendelea kucheza, ila itachagua mitaji (yaani hatua za kucheza) ambayo haikuwa ikiichagua zamani.

Kuhusu namba ya shimo, `input` ya Python 2 ilikokotoa kile kilichoandikwa, hivyo 5 ilirudi kama namba. Ya sasa hurudisha maandishi, na maandishi "5" si sawa na namba 5. Yapitishe kwanza kwenye `int`. Faili za `pickle` zifungue kwa hali ya `rb` ukiongeza `encoding='latin1'`, na jina la faili la msimbo lenye klasi zako lisibadilike, maana `pickle` hukumbuka klasi ilitoka wapi. Zikishafunguka, zihifadhi upya kwa JSON, muundo wa data wa maandishi ya kawaida, usije ukasumbuka tena.

Simu_Kwanza alijibu:

Kwa maoni yangu, wazee hao wana simu mkononi, hawana kompyuta. Andika upya kwa JavaScript ili bao lifunguke kwenye kivinjari, na hutahitaji kumwekea mtu Python wala pygame.

Mzee_wa_Kimbi alijibu:

Ndugu yangu Simu_Kwanza, hoja ya simu ina uzito, lakini umeanzia mwisho. Kilicho na thamani katika programu hii ni kanuni, na kanuni za bao si za kuandikwa upya jioni moja: kete ya mwisho inapoangukia kwenye nyumba wakati wa namua, mchezaji anaweza kupewa hiari ya kulala (kuishia hapo) au kusafiri (kuzitwaa kete za nyumba na kuendelea kusambaza), na uamuzi huo huja katikati ya kusambaza. Programu ya zamani ilikwisha kuyatatua hayo, basi itumike kama shahidi.

Kete_Namua, toleo la mwisho la Python 2 ni 2.7.18, lililotoka Aprili 2020, na bado linapatikana. Liweke ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), cheza michezo kadhaa, na uifanye programu iandike namba zote 32 za mashimo pamoja na ghala za wachezaji (kete ambazo bado hazijaingia ubaoni) kila baada ya mtaji. Kisha ipe programu mpya mitaji ileile na ulinganishe. Ongeza na ukaguzi mmoja mwepesi: jumla ya kete zilizo ubaoni na ghalani lazima iwe 64 wakati wote, kuanzia mwanzo ambapo 20 zimo ubaoni na kila mchezaji ana 22 ghalani. Usitegemee bahati nasibu ya kompyuta katika ulinganisho huu, kwa kuwa `random.choice` haitoi chaguo zilezile katika Python 2 na 3 hata ukianza na mbegu moja, yaani namba ileile ya kuanzishia bahati nasibu.

Baada ya hapo tenga kanuni na uchoraji. Kanuni zisijue kama kuna skrini, na swali la kulala au kusafiri lirudishwe kwa aliyeita fanksheni badala ya kuulizwa humohumo ndani. Hapo ndipo kuhamia kwenye simu kutakuwa kazi ya kawaida.

Kete_Namua:

Nawashukuru. Safu zimenyooka, na kweli nimekuta mkwaju mmoja kwenye fanksheni ya kupima. Limebaki jambo moja: kusambaza nimekuandika kwa fanksheni inayojiita yenyewe, na katika hali moja ya bao Python ilisimama ikisema imevuka kikomo cha kujiita.

Mzee_wa_Kimbi:

Kikomo hicho kwa kawaida ni 1000. Tumia `while` badala ya kujiita, lakini weka na hesabu ya mizunguko, kwa sababu zipo hali za bao ambazo kusambaza hakukomi kabisa. Hesabu ikifika mahali utakapochagua, programu isimamishe mtaji na kuwaachia wachezaji waamue wenyewe.