Mjadala: Sade ni bendi ya watu wanne, si mwanamke mmoja

MLETA MADA

Wakuu, salaam kwenu. Kuna jambo limenikaa rohoni siku nyingi, naomba leo tulijadili bila kukamiana.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye harusi ya mpwa wangu. Wakati wa chakula DJ akaweka "Smooth Operator". Saksafoni ya mwanzo ilipoanza kulia, mzee mmoja mezani kwetu akafumba macho, akasema, "Sade bwana, huyu mama ni hatari." Nikamuuliza, na anayepuliza hapo ni nani? Akashangaa swali lenyewe. Meza nzima watu wanane, wote wameusikia wimbo huo tangu ujana wao, na hakuna aliyekuwa na jina la kunipa.

Anayepuliza ni Stuart Matthewman. Ndiye pia anayecharaza gitaa. Besi ni ya Paul Denman, kinanda ni cha Andrew Hale. Wa nne ndiye huyo mama, Helen Folasade Adu, mzaliwa wa Ibadan, Nigeria, mwaka 1959, baba Myoruba, mama Mwingereza. Sade ni jina la bendi. Limetoka kwenye jina lake, sawa, lakini ni jina la bendi, na mimi nasema sifa za kazi ile zigawanywe kwa nne, sawa kwa sawa.

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na kundi London likiitwa Pride, watu wengi jukwaani, wanapiga funk yenye ladha ya Kilatini. Adu alikuwa amesomea ubunifu wa mavazi pale Saint Martin's, chuo cha sanaa cha London, hakusomea muziki. Aliingia Pride kama mwitikiaji. Katikati ya maonyesho ya Pride wachache wao wakawa wanapewa nafasi wapige vibao vyao vya taratibu, na hapo ndipo "Smooth Operator" ilipoanza kuvuta watu wa kampuni za rekodi. Waliomtaka walimtaka yeye peke yake. Akagoma: kama ni kusaini, wenzangu nao waingie. Kampuni ya Epic ikakubali, 1983. Mwaka uliofuata ikatoka albamu ya Diamond Life chini ya prodyuza Robin Millar.

Kwa hiyo mwenye jina alishatoa jibu kwa kitendo, na hapo hata umaarufu hakuwa nao. Sisi tunapata wapi ruhusa ya kumtenga na watu aliokataa kutengwa nao?

Na kama hamniamini, fungueni albamu zenyewe. Promise ya 1985 ina kipande kinaitwa "Punch Drunk". Ni ala tupu, Adu haimbi neno. Love Deluxe ya 1992 inafungwa na "Mermaid", ala tupu tena. Nionesheni mwimbaji wa kujitegemea anayekubali albamu yenye jina lake imalizike bila sauti yake.

Anayepinga karibu, ila aje na hoja.

SIKIO LA TANGA

Mkuu, nakuheshimu, lakini sawa kwa sawa nakataa.

Hao watatu walishajaribu bila yeye. Mwaka 1996 walitoa albamu kwa jina la Sweetback. Wapigaji walewale, mikono ileile. Ungeiuliza meza yako ya harusini juu ya Sweetback wangekujibu nini? Halafu angalia 2010: baada ya miaka kumi ya kimya, Soldier of Love inauza nakala 502,000 Marekani katika wiki ya kwanza na kukaa namba moja. Hao laki tano na zaidi walitoka nyumbani kufuata sauti. Kinanda kizuri wangekipata kwa watu wengine.

Jambo la pili umelipitia juu juu. "Smooth Operator" imetungwa na Adu na Ray St. John, mwenzao wa siku za Pride. Ray St. John hayumo kwenye hao wanne wako. Kibao ulichoanzia hoja yako, kilichowapeleka hadi namba 5 Marekani mwaka 1985, hakina jina la Matthewman, la Denman wala la Hale kwenye utunzi. Sasa huyo tumkatie fungu gani? Au tugawe kwa tano?

BESI NNE

Mimi napiga besi. Bendi ya hotelini, mwaka wa kumi na tisa huu. Naomba niseme kama fundi, maana nawasikia mnapima bendi kwa idadi ya nakala na majina ya watunzi.

Sauti ya Adu haipandi sana na haishuki sana. Haina madoido, haina kilio kirefu cha kanisani. Ina ukungu kidogo na inatembea polepole. Sauti ya namna hiyo ukiiwekea bendi ya kelele inazama, nimeona waimbaji wa kike wazuri wakizamishwa hivyohivyo na mpiga dramu asiyejua kutulia. Sasa sikiliza "Paradise" ya mwaka 1988. Besi ya Denman inaanza, mzunguko mmoja mfupi, na unakaa hapohapo karibu wimbo mzima. Wengi wetu tungeshachoka tukaanza kuongeza maua. Yeye haongezi. Anayepiga anajua ukifika dakika ya tatu vidole vinawasha kutaka kufanya jambo. Kuvizuia ni kazi, na ni kazi ambayo msikilizaji haioni, kwa sababu akiiona tu imeshaharibika.

Matthewman vilevile. Anapuliza sentensi, ananyamaza, anamwachia mama nafasi, anarudi. Hale anaweka kinanda nyuma kama pazia. Wamemkatia nguo kwa kipimo chake. Ukisema "watu walifuata sauti" uko sahihi, ila sauti ile umeisikia kwa sababu watatu waliacha nafasi isikike.

Na kuhusu 1996, Sikio la Tanga, mwaka huohuo Matthewman alikuwa na mkono wake kwenye albamu ya kwanza ya Maxwell, mwimbaji wa soul wa Marekani, Maxwell's Urban Hang Suite, kwenye utunzi na utayarishaji. Isikilize usiku halafu uniambie kama hujasikia nyumba ileile yenye mpangaji mwingine.

BINTI EASTLEIGH

Mimi naona mnagombania hati ya nyumba na ndani hamjaingia.

Wote hapa mmeongea harusi, hoteli, taratibu, usiku. Huko ndiko tulikowaweka Sade, wapigwe watu wakitafuna, na hilo linaniuma kuliko habari ya nani apewe robo.

Nimekulia Eastleigh, Nairobi. Mwanzo wa miaka ya tisini nilikuwa mdogo, majirani wakawa wanafika kutoka Somalia, mama na watoto, wengine na mfuko mmoja. Sikuelewa wamepitia nini. Miaka mingi baadaye nikiwa mtu mzima nikakutana na "Pearls", iko kwenye Love Deluxe, 1992, wakati njaa ya Somalia yenyewe imewaka. Ni habari ya mwanamke wa Somalia anayekwangua barabarani kutafuta punje zilizodondoka, na kila punje kwake ni lulu. Kuna mahali maumivu ya mama huyo yanafananishwa na kiatu kipya kinachobana, kitu ambacho kila msikilizaji ameshakivaa. Na hapo ndipo sauti hiyo mnayosema haipandi inapopanda. Nililia jikoni, siwafichi.

Ikaja Lovers Rock, 2000, na "Immigrant" ndani yake. Mwanamume amefika nchi ya watu, ananunua kitu dukani, anarudishiwa chenji na muuzaji anakwepa kumgusa mkono. Ndipo anapojua kwamba hapa yeye ni mweusi. Watu wangu walioko Leeds na Minneapolis hawahitaji kutafsiriwa wimbo huo.

Tarehe 13 Julai 1985 Sade walisimama Wembley kwenye Live Aid, tamasha la kuchangia njaa ya Ethiopia. Wengi waliopanda siku ile hawakuirudia Pembe ya Afrika kwenye nyimbo zao. Hawa waliirudia miaka saba baadaye, na waliirudia kwa mtu mmoja mwenye mikono na kiu. Bendi ya kusindikizia chakula haifanyi hivyo. Tukiendelea kuwaita muziki laini tunasaidia kuwafuta.

MZEE WA SANTURI

Binti, umenikumbusha jambo, ahsante. Nitarudi kwenye umiliki hata hivyo, maana sisi wa ukanda huu tuna kisa cha karibu.

OK Jazz, bendi ya rumba ya Kongo, haikuwa na jina la Franco, kiongozi wake. Lakini jina la Franco lilivyokua liliimeza bendi. Alipofariki Oktoba 1989 wenzake wa bendi kina Simaro Lutumba waliishikilia miaka michache, kisha ukaja mgogoro wa mapato na familia ya marehemu, na kufika mwisho wa 1993 OK Jazz ilikuwa imekwisha. Wanamuziki wakaanza upya wakajiita Bana OK. Watu waliotumikia jina miongo mitatu walitoka bila jina. Kwa hiyo vijana msidharau swali la nani anaitwa nani. Siku ya msiba linageuka kuwa chakula cha watoto wa watu.

Upande wa Sade mimi naangalia uvumilivu. Albamu 1984, 1985, 1988, 1992. Halafu miaka minane. Halafu 2000. Halafu miaka kumi. Baada ya 2010, wimbo mmoja mmoja: miwili ya filamu mwaka 2018, na "Young Lion" mwaka 2024, ambao Adu aliuelekeza kwa mwanawe. Bendi nyingine ingevunjika mara tano kwa ratiba hiyo. Wale wanaume watatu wangepata kazi popote, na kila alipokuwa tayari walikuwepo. Kwenye santuri zangu sina bendi nyingine iliyokaa hivyo na sura zilezile.

SIKIO LA TANGA

Mzee wangu, shikamoo. Hapo umenisaidia mimi. Anayesubiriwa ndiye mwenye bendi. Denman akichoka atatafutwa mpiga besi. Mama akinyamaza miaka kumi, kila kitu kinanyamaza miaka kumi. Hata mpiga dramu wao wa mwanzo, Paul Cook, aliondoka mapema kabisa na Sade ikaendelea. Nani alisikia pengo?

Binti Eastleigh, kwa "Pearls" sina la kupinga. Nimekwenda kuisikiliza sasa hivi kwa mara ya kwanza na maneno mbele yangu.

MLETA MADA

Nimewasoma wote, mwingine mara mbili.

Ray St. John umenikamata, Sikio la Tanga. Niliandika kana kwamba kila kitu kilizaliwa na hao wanne, na haikuwa hivyo. Cook naye nilimruka wakati Diamond Life ina mkono wake. Robo kwa robo naiondoa, nilikuwa nimebebwa na hasira ya harusini.

Neno bendi siliondoi. Tazama hata tuzo. Grammy ya 1994 kwa "No Ordinary Love" ilitolewa kwenye kipengele cha R&B cha wasanii wawili au kikundi. Ya 2011 kwa "Soldier of Love" vilevile. Waamuzi wa Marekani waliwaita jukwaani kama kikundi, sisi huku tunasema "yule mama". Na hoja ya anayesubiriwa ina nguvu, nakiri, lakini jiulize kwa nini naye anasubiri. Kampuni ingempa wapigaji wapya kila mwaka, vijana, wa bei yoyote. Miaka kumi ikiisha anawapigia simu walewale watatu. Mwimbaji aliyeona wapigaji ni wapigaji tu asingejisumbua.

Binti Eastleigh, kosa ulilolisema ni langu pia. Mimi mwenyewe nilianza na chakula.

SIKIO LA TANGA

Bado sijahama, ila sasa tunabishana kwa kipimo. Nauliza kitu kimoja kwa Besi Nne kwa kuwa yeye ndiye yumo ndani ya kazi hii. Bendi yenu inaitwaje?

BESI NNE

Jina nitalihifadhi kwa heshima ya mhusika, lakini ni la mwimbaji wetu. Tulilichagua sisi wenyewe, maana wateja walikuwa wameshazoea kusema "leo kuna fulani".

Amejifungua mwezi wa pili, mtoto wa kike. Tangu hapo tunapiga ala tupu Ijumaa na Jumamosi, na hoteli imetukata nusu ya malipo. Juzi meneja alileta binti mwingine, anaimba vizuri tu, akasema tukimchukua malipo yanarudi kama zamani. Tulikaa nje kwenye ngazi, mimi, wa gitaa na wa kinanda, tukaongea mpaka saa nane usiku.

Tumemwambia meneja hapana. Tunamsubiri.