Ndevu kidevuni na shingo nyeusi: ni PCOS (tatizo la homoni linalovuruga ovari na hedhi) au ni ngozi tu?

BintiKisauni: Asalaam aleikum. Niko saluni, kazi yangu kutinda nyusi na kutoa nywele za uso kwa uzi. Wasichana wengi wanaokuja wana ndevu, chunusi za taya, na shingo nyeusi ambayo hata singo haiitoi. Nitamjuaje wa kumwambia aende hospitali? Na akienda, apimwe nini?

NgoziPwani: Waaleikum salaam dadangu. Vinyweleo laini vya mashavuni si hoja. Tafuta nywele nene, nyeusi, ambazo zikiachwa hupita nusu sentimita: juu ya mdomo, kidevuni, kifuani, na mstari ule unaoshuka kutoka kitovuni. Madaktari hukagua sehemu 9 za mwili na kuipa kila moja alama 0 hadi 4. Jumla ikifika 4 hadi 6, kutegemea asili ya mtu, zimeshazidi. Tatizo ni kwamba aliyetolewa juzi haonyeshi kitu, kwa hivyo muulize hutoa kila baada ya siku ngapi.

Chunusi za homoni hukaa taya, kidevu na shingo, ziko ndani, zauma zikiguswa, na hupamba moto hedhi ikikaribia. Usizichanganye na vipele vya wembe. Angalia kwa karibu kwenye mwanga: ukiona unywele umejikunja ukarudi ndani ya kipele, dawa ya chunusi haitasaidia kitu. Aache wembe kwanza.

Kichwani, tazama njia ya katikati. Ikiwa inapanuka utosini, shuku homoni. Nywele zikikatika kwenye paji na masikioni, hiyo ni misuko ya kubana.

MamaLikoni: Na hiyo shingo? Watu husema ni uchafu.

NgoziPwani: Si uchafu mamangu, na wasichana wanaonewa bure. Ngozi inanenepa na kuwa nyeusi, ukiigusa kama mahameli, mara nyingi na vinyama vidogo vinavyoning'inia. Ukiiona shingoni, kwapani huenda ipo pia. Chanzo ni insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu: mwili ukiwa sugu kwayo, kongosho humwaga zaidi, na ile ya ziada hukuza seli za ngozi na kuisukuma ovari itoe testosteroni, homoni ya kiume. Ndiyo maana dodoki na ndimu havifui dafu. Kusugua huzidi kuinenepesha. Krimu za kujichubua zenye steroidi ndizo mbaya kabisa, kwani huleta chunusi na hata nywele zaidi usoni. Shingo hiyo yaweza kutokea bila PCOS, lakini sukari ipimwe vyovyote vile.

Nesi_Majengo: Ngozi peke yake haitoshi, uliza hedhi. Kwa mtu mzima, mzunguko chini ya siku 21 au zaidi ya 35, au hedhi chini ya mara 8 kwa mwaka, ni kasoro. Hedhi hiyo pamoja na ndevu zatosha kutaja PCOS bila skani ya ovari, mradi magonjwa yanayofanana nayo yameondolewa. Kwa hivyo damu ipimwe homoni za testosteroni, thairoidi, prolaktini, na 17-hidroksiprojesteroni (hii asubuhi). Sukari hupimwa kwa kunywa glukosi gramu 75, kisha damu baada ya saa 2. Anayemeza vidonge vya kupanga uzazi aseme mapema, maana hushusha testosteroni na majibu yakadanganya.

Nywele zikiota kwa kasi ndani ya miezi michache na sauti ikawa nzito, asingoje. Aende Makadara (hospitali kuu ya rufaa, Mombasa) au kwa daktari wa wanawake upesi, kwani huenda ni uvimbe wa ovari au wa tezi iliyo juu ya figo.

Na waambie wasivunjike moyo na dawa: nywele huchukua kama miezi 6 kuonyesha tofauti. Spironolaktoni, dawa inayozuia homoni ya kiume, inasaidia, lakini haifai kabisa kwa mwenye mimba au anayeweza kushika mimba bila kinga.

BintiKisauni: Ahsanteni sana. Wengine hawajaolewa, skani ya chini, ya kuingizwa ukeni, wanaiogopa.

Nesi_Majengo: Haina lazima, hufanywa juu ya tumbo. Hapo hupimwa zaidi ukubwa wa ovari, na mililita 10 kwenda juu ni dalili ya PCOS. Ila ambaye hajafikisha miaka 8 tangu hedhi ya kwanza, skani haitumiki kuamua, asitoe pesa. Anayefanya anywe kama lita moja ya maji saa moja kabla, asiende msalani mpaka amalize. Kibofu kikiwa kitupu matumbo huziba ovari, atarudishwa nje angoje.